Filamu ya Leicester na Pemba: serikali ya Uingereza itarudisha kiasi gani hasa?

*"Assalaam alaykum. Naishi Leicester miaka mingi na nina uraia wa Uingereza. Nimeandika skripti, na mimi mwenyewe ndiye nitakayeongoza filamu. Inahusu mama wa Kipemba anayehudumia wazee kwenye nyumba ya wazee hapa Leicester, kisha anaitwa nyumbani kwenye mgawanyo wa mirathi. Theluthi mbili ya mazungumzo ni Kiswahili, kilichobaki Kiingereza. Tunataka kupiga picha wiki mbili hapa na wiki tatu Pemba. Bajeti yetu ni pauni 680,000. Kuna bwana anasema serikali inarudisha asilimia 53 ya bajeti, na kwamba tukimpa asilimia 15 ya hiyo atatuletea fedha kabla hatujaanza. Mume wangu ana kampuni ndogo ya kukodisha kamera na taa na anataka atukodishie. Baadhi ya waigizaji wamekubali tuwalipe filamu ikishauzwa. Je, hesabu hizi ni za kweli? Na Kiswahili hakitatuangusha?"*

Wa alaykum salaam, dada yangu. Kwa ufupi, 53 ni namba ya kweli, lakini si asilimia 53 ya bajeti, na haiji kabla ya kuanza. Ukiingia kwenye filamu hii ukiamini una pauni 360,000 za serikali mfukoni, utafika katikati ya Pemba huna hela ya kurudisha watu nyumbani. Nitakufanyia hesabu upya hapa chini. Kiswahili kinakupunguzia pointi ila hakikufungii mlango. Wasiwasi wangu uko zaidi kwa bwana huyo, kwa yale malipo ya "filamu ikishauzwa", na kwa jambo moja ambalo hukuliuliza: filamu itaonyeshwa wapi.

Tuanze na mfumo wenyewe. Januari 2024 Uingereza ilianza kuacha nafuu ya kodi ya filamu iliyokuwapo tangu 2007, ikaleta krediti mpya iitwayo AVEC, ambayo kwa filamu ni asilimia 34. Ikaongezwa krediti ya juu zaidi kwa filamu huru, IFTC, yenye asilimia 53, kwa filamu zilizoanza kupigwa picha tarehe 1 Aprili 2024 au baadaye. IFTC imekusudiwa filamu ambazo gharama zake za msingi hazizidi pauni milioni 15. Hadi milioni 23.5 bado unaweza kuingia, ila krediti inakokotolewa kana kwamba umeishia kwenye milioni 15. Ninyi mko mbali sana na mipaka hiyo. Sharti jingine ni kwamba mwandishi mkuu au mwongozaji mkuu awe raia au mkaazi wa Uingereza, nawe ni wote wawili, kwa hiyo hapo hamna tatizo.

Sasa hizo asilimia 53 zinapigwa kwenye nini? Kwanza unatoa gharama zisizo za msingi. Gharama za msingi ni za maandalizi, upigaji picha na umaliziaji, yaani uhariri, sauti, muziki na rangi. Kukuza wazo la filamu kabla ya maandalizi, riba ya mkopo, ada za wanaotafuta fedha, matangazo na usambazaji havimo. VAT ambayo kampuni itarudishiwa nayo haimo. Tuseme katika pauni 680,000 zenu, 40,000 ni za namna hiyo. Zinabaki 640,000.

Pili, katika hizo 640,000, inahesabiwa ile tu iliyotumika ndani ya Uingereza. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanadhani kinachoangaliwa ni pasipoti ya anayelipwa au anuani ya kampuni inayotoa ankara. Sivyo. Kinachoangaliwa ni mahali ambapo huduma au kifaa kilitumika. Mpiga picha wa Manchester anapofanya kazi Wete, siku zake za Wete si gharama ya Uingereza hata kama mmemlipa kwenye akaunti ya Manchester. Kinyume chake, mwigizaji mliyemleta kutoka Unguja akifanya kazi Leicester, malipo yake ya siku hizo yanahesabiwa sawasawa na ya mwigizaji wa Birmingham. Mhariri akikaa Leicester kukata picha zote za Pemba, kazi yake ni ya Uingereza.

Kifaa kinachosafiri kinagawanywa kwa siku. Kamera zikikodishwa kwa siku 35 kwa pauni 28,000, siku 14 zikiwa Leicester na 21 Pemba, kinachoingia kwenye hesabu ni 14 kwa 35, yaani pauni 11,200. Ndiyo maana nawasisitizia watu wawe na karatasi ya kila siku ya upigaji picha inayoonyesha vifaa gani na watu gani walikuwa wapi. Mwaka mmoja baadaye hakuna atakayekumbuka.

Tatu, kuna dari. Hata kama kila senti ingetumika Leicester, krediti inakokotolewa kwenye asilimia 80 tu ya gharama zote za msingi. Kwenu dari hilo ni pauni 512,000. Na kuna sakafu pia: angalau asilimia 10 ya gharama za msingi itumike Uingereza, la sivyo hupati kitu.

Nichukulie kwamba wiki tatu za Pemba, pamoja na sehemu yake ya vifaa na mishahara, zitakula 250,000, na 390,000 zitatumika Uingereza. Hiyo 390,000 ni ndogo kuliko dari, kwa hiyo ndiyo inayozidishwa: asilimia 53 yake ni pauni 206,700. Lakini krediti yenyewe inahesabiwa kuwa mapato ya kampuni na inakatwa kodi. Kwa kiwango kikuu cha kodi ya kampuni cha asilimia 25 inaondoka 51,675, na mkononi zinabaki pauni 155,025. Ndiyo sababu wahasibu wa filamu husema IFTC ni asilimia 39.75, na AVEC ya kawaida ni 25.5. Kwa filamu yenu hii hii, AVEC ingewapa 99,450. Tofauti ya pauni 55,000 na ushee inatosha kufanya IFTC ifukuziwe, maana karatasi za ziada si nyingi.

Basi weka 155,000 kwenye mpango wako wa fedha. Ni kama asilimia 23 ya bajeti.

Tuje kwa yule bwana. Mamlaka ya kodi, HMRC, hailipi kabla. Krediti inadaiwa pamoja na marejesho ya kodi ya kampuni baada ya kipindi cha hesabu kufungwa, kwa gharama zilizokwishatumika. Kwa hiyo akikuletea fedha kabla ya kuanza, hizo si za serikali. Ni mkopo, na dhamana yake ni krediti yenu. Mikopo ya namna hiyo ipo na ni halali. Kuna benki na wakopeshaji wanaoishi kwa biashara hiyo. Ila uijue bei yake. Tuseme mmekopeshwa 130,000 kwa asilimia moja kwa mwezi na krediti ikaja baada ya miezi 14: riba ni pauni 18,200, na juu yake bili ya mwanasheria wenu na, kwa kawaida, ya mwanasheria wa mkopeshaji pia. Na asilimia 15 ya bwana, ikipigwa kwenye 206,700, ni 31,005. Ukilinganisha na zile 155,025 mtakazopokea kweli, amechukua asilimia 20. Wala ada yake haiingii kwenye gharama za msingi. Mhasibu mwenye uzoefu wa krediti za filamu atakutajia bei maalumu ya kazi, bila kujali krediti imetoka ngapi. Mtu anayelipwa kwa asilimia ananufaika madai yakivimba, na madai yakivimba HMRC inamwandikia mkurugenzi wa kampuni, yaani wewe.

Kama shida ni fedha kuchelewa, kuna njia isiyo na riba: kipindi cha hesabu cha kampuni kinaweza kufupishwa. Mkimaliza kupiga picha Septemba, hakuna kinachowalazimisha kusubiri mwaka mzima kuisha. Mnaweza kufunga hesabu mwisho wa Oktoba, mkadai kwa gharama za hadi hapo mkiwa na cheti cha muda cha kutambuliwa filamu yenu (nitakieleza chini), kisha mkadai tena baada ya umaliziaji. Mtamlipa mhasibu kazi ya hesabu mara mbili, lakini kwa filamu ya ukubwa wenu mara nyingi hiyo ni nafuu kuliko mkopo.

Kuhusu Kiswahili. Ili filamu ipate krediti lazima itambuliwe rasmi kuwa ya Kiingereza kwa maana ya uraia, na njia ya kawaida ni kipimo cha utamaduni kinachosimamiwa na British Film Institute, BFI. Pointi ni 35 na unahitaji 18. Lugha ya mazungumzo ina pointi 6, na Kiswahili hakimo katika lugha zinazotoa pointi. Theluthi yenu ya Kiingereza itawapa kidogo, lakini kwa tahadhari weka sifuri uone kama unavuka.

Kama nusu ya hadithi inatokea Leicester, mahali pa hadithi panakupa 2 kati ya 4. Wahusika wakuu wanaangaliwa kwa uraia au ukaazi wao ndani ya hadithi, na mama anayeishi na kufanya kazi Leicester ni mkaazi hata akiwa hajawahi kusema neno la Kiingereza. Mhusika wa pili naye akiwa wa Leicester, mnapata 4. Skripti ya asili iliyoandikwa na raia wa Uingereza inatoa 4 nyingine. Mchango wa kitamaduni una 4, na maisha ya jamii ya Waswahili nchini humo ni hoja nzuri upande wa utofauti wa jamii, hesabu 2. Umaliziaji ukifanyika Uingereza, 1. Pointi za upigaji picha usizitegemee, kwa sababu zinataka angalau nusu ya kazi iwe Uingereza, nanyi wiki tatu kati ya tano mko Pemba. Kisha watu: mwongozaji, mwandishi, mtayarishaji, mtunzi wa muziki, waigizaji wakuu, sehemu kubwa ya waigizaji, wakuu wa idara na sehemu kubwa ya mafundi, pointi moja moja; tuseme 6.

Jumla 19. Mmevuka, kwa pointi moja tu ya akiba. Maana yake ni kwamba maamuzi yanayoonekana madogo yanaweza kuwaangusha. Ukimbadilisha mhusika wa pili akawa ndugu anayeishi Chake Chake, au skripti ikihamishia zaidi ya robo tatu ya matukio Pemba, uko chini ya 18. Kila rasimu mpya ya skripti ihesabiwe upya kabla haijapitishwa. Na usikubali mtu akushauri ubadilishe mazungumzo yawe ya Kiingereza ili kuokoa pointi. Mama wa Kipemba akigombana na kaka yake kuhusu mikarafuu kwa Kiingereza, hakuna atakayeamini.

Wengine wataniuliza kuhusu njia ya ushirikiano rasmi baina ya nchi, ambayo haihitaji kipimo hiki. Barani Afrika Uingereza ina mikataba ya namna hiyo na Afrika Kusini na Morocco. Tanzania na Kenya hazimo, kwa hiyo mtayarishaji wa Zanzibar mtakayeshirikiana naye ni mtoa huduma tu machoni pa sheria hii.

Sasa lile ambalo hukuliuliza. Krediti ya filamu inataka filamu ikusudiwe kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema, kwa watazamaji wanaolipa. Kama mpango ni kuiweka YouTube, au kuiuza moja kwa moja kwenye huduma ya kutazama mtandaoni, inahesabiwa kama televisheni, na tamthilia ya televisheni inahitaji gharama za msingi zisizopungua pauni milioni moja kwa kila saa. Ninyi hamfiki hapo, mtapata sifuri. Nia ya sinema inathibitishwa kwa maandishi na tangu mwanzo: mpango wa mauzo, barua za msambazaji, mawasiliano na majumba ya sinema. Ikiwa filamu baadaye itakwenda mtandaoni baada ya sinema, hilo halina ubaya. Lakini nia ikibadilika katikati ya utengenezaji, haki ya kudai inakatika kuanzia kipindi hicho.

Kampuni ya mume wako inaweza kuwakodishia vifaa, hilo halikatazwi. Ninyi wawili mnahesabiwa kuwa na uhusiano, kwa hiyo bei inayoingia kwenye madai ni ile ambayo angemtoza mtu baki. Chukua bei za kampuni nyingine mbili kwa vifaa vile vile na siku zile zile, ziweke kwenye faili pamoja na ankara yake. Akikutoza 40,000 kwa kitu ambacho wengine wanatoza 28,000 ili krediti iongezeke, huo ni udanganyifu wa kodi na si ujanja wa biashara.

Malipo ya "filamu ikishauzwa" hayaingii. Gharama ambayo haijalipwa miezi minne baada ya kipindi cha hesabu kufungwa inaondolewa, na deni linalotegemea mauzo ambayo hayajulikani yatakuja lini ndilo mfano wake kamili. Kwa hiyo kama kwenye 390,000 zenu mmeweka 45,000 za waigizaji wa namna hiyo, zitoe, na krediti halisi inapungua kwa karibu 17,900. Kwa wale watakaofanya kazi Uingereza kuna pia suala la kima cha chini cha mshahara, ambalo halifutwi na makubaliano ya mdomo. Mara nyingi ni bora kumlipa mwigizaji kidogo sasa, kwa mkataba na kupitia benki, kisha umpe fungu la faida baadaye, kuliko kumwahidi kikubwa kisichohesabika.

Nilitegemea pia ungeuliza, maana wengi wanauliza, kama inafaa kuhamishia baadhi ya matukio ya Pemba Leicester ili krediti ikue. Kipimo ni rahisi. Pauni moja inayohesabiwa Uingereza, baada ya krediti, inakugharimu senti 60 na kidogo. Basi tukio ambalo gharama yake Pemba ni chini ya asilimia 60 ya gharama ya Leicester, lipige Pemba. Matukio ya nje, ya shambani, ya pwani, hayana mjadala. Ya ndani ya nyumba, penye mwangaza wa kutengeneza na siku nyingi za mazungumzo, yapigie hesabu moja moja, ukikumbuka tiketi za ndege na mizigo ya vifaa. Yakihamia ya kutosha hadi nusu ya upigaji picha iwe Uingereza, mnapata na zile pointi za BFI, na ile akiba yenu ya pointi moja inakuwa tatu. Hapo ndipo ningeanza kuhamisha.

Msiache karatasi za Pemba ovyo kwa kuwa "hazihesabiwi". Zinahesabiwa kwenye jumla ya gharama za msingi, na jumla hiyo ndiyo inayotumika kupima dari na sakafu. Malipo ya kukodi dau huko Mkoani, chakula cha mafundi, kibali cha BASSFU (baraza la Zanzibar linalosimamia sanaa na filamu): kila kimoja kiwe na tarehe, kiasi kwa shilingi, kiwango cha kubadilishia fedha siku hiyo na sahihi ya aliyepokea. Asiye na risiti mwandikie hati ya malipo atie sahihi papo hapo.

Kwa utaratibu, cha kwanza ni kampuni. Anayedai ni kampuni moja inayolipa kodi ya kampuni Uingereza, si wewe binafsi, na ndiyo iwe na jukumu la filamu kuanzia maandalizi hadi kukabidhi, isaini mikataba na ilipe yenyewe. Isajiliwe kwa ajili ya filamu hii peke yake, iwe na akaunti yake ya benki, na haki za skripti uzihamishie kwake kwa maandishi. Kisha omba BFI cheti cha muda, ukitaja mapema kwamba unataka IFTC. Maombi hayana ada, lakini yanachukua wiki kadhaa, na yanataka skripti, bajeti, ratiba na tamko la kiapo. Filamu ikikamilika unaomba cheti cha mwisho, na usipokipata, ulichodai kwa cheti cha muda unakirudisha. Wakati wa kudai, HMRC inataka fomu ya taarifa za ziada mtandaoni pamoja na marejesho ya kodi; tangu Aprili 2024 madai yasiyo na fomu hiyo yanakataliwa. Muda wa kudai ni miaka miwili tangu kipindi cha hesabu kuisha. Na kama kampuni ina deni la kodi za mishahara ya mafundi, HMRC itajilipa kwanza kutoka kwenye krediti kabla ya kuwapa kilichobaki.

Yapo mambo matatu ambayo jibu la maandishi halitoshi, na utahitaji kukaa na mhasibu wa filamu ana kwa ana, au na mwanasheria. La kwanza, ikiwa umekwisha kulipa gharama kubwa kwa kadi yako binafsi kabla kampuni haijasajiliwa. Baadhi huenda zikaokolewa, lakini inategemea mikataba ilisemaje. La pili, kabla hujasaini chochote cha mkopo au cha mwekezaji anayetaka krediti iingie kwenye akaunti yake. La tatu, ikiwa yule bwana amekwisha kukupa karatasi ukasaini, hata kama ni ukurasa mmoja. Mpelekee mwanasheria karatasi hiyo kabla hujafanya jambo jingine, na umwombe aangalie hasa kama umempa haki ya kudai kwa niaba ya kampuni.